Masikio yangu ndiyo kazi yangu: nimkubali daktari wa roboti au wa mionzi?

Mshauri, salaam nyingi.

Nimekuwa msomaji wa safu hii kwa muda mrefu, na sikudhani ningefika mahali pa kuandika. Nina umri wa miaka 54. Nina mke na watoto wawili ambao sasa ni watu wazima. Kazi yangu ni kurekodi na kuchanganya sauti studio. Ndiyo kazi niliyoianza ujanani na ndiyo iliyotulea sote nyumbani. Mtu akinipa wimbo, mimi ndiye ninayesikia kwamba ala moja inamfunika mwimbaji, au kwamba kuna mlio mwembamba nyuma ambao wengine hawausikii.

Miezi michache iliyopita, nikinyoa ndevu, niligusa uvimbe chini ya taya upande wa kushoto. Hauumi. Nilipewa dawa za kuua vijidudu nikazimaliza, uvimbe ukabaki palepale. Daktari wa masikio, pua na koo alipochungulia akaona tonsili ya kushoto imekuwa kubwa na ngumu. Wakachukua kinyama kupima. Jibu likarudi: kansa. Wakaongeza kwamba kipimo cha p16 ni chanya, yaani imesababishwa na kirusi cha HPV.

Picha zinaonyesha hivi. Uvimbe kwenye tonsili una sentimita mbili na nusu. Shingoni upande huohuo kuna tezi mbili zilizovimba, kubwa kati yake inakaribia sentimita tatu. Kwenye mapafu na kwingineko hawakuona kitu. Msoma picha ameandika kwamba ukingo wa tezi ile kubwa "hauko wazi". Nilimuuliza daktari maana yake, akasema tutajua zaidi baadaye.

Tatizo langu lilianzia hapo. Daktari wa upasuaji ananiambia niko kwenye kundi zuri kwa upasuaji wa roboti kupitia mdomoni: atatoa tonsili na nyama ya pembeni yake, kisha atafungua shingo atoe tezi. Daktari wa mionzi naye anasema ninaweza kupona bila kisu kabisa: wiki saba za mionzi pamoja na dripu za cisplatin, dawa ya kansa. Wote wawili ni watu wa heshima, na kila mmoja ananiambia tiba ya mwenzake nayo ni nzuri. Mwisho wa maneno yao ni uleule: "Chagua wewe." Nitachaguaje mimi? Mimi najua maikrofoni.

Kijana wangu wa kwanza ameshaamua kwa niaba yangu. Kila siku ananitumia video za roboti. Anasema huu ni wakati mpya, mashine haitetemeki kama mkono wa mtu, nitalazwa siku chache na mambo yataisha, hakuna mionzi wala dripu. Mke wangu hataki hata kusikia neno roboti. Anasema hawezi kukubali mume wake akatwe na mashine wakati daktari amekaa pembeni.

Kuna mambo mawili sijamwambia mtu yeyote.

La kwanza ni masikio. Nilisoma kwamba cisplatin inaweza kuharibu usikivu. Tangu siku ile silali vizuri. Nikitaka kulisema naona aibu, kwa sababu watu wananiombea uhai na mimi nawaza masikio. Nilijaribu kumdokezea ndugu yangu mmoja, akasema, "Kwanza uishi." Nikanyamaza.

La pili ni mke wangu. Nimemwambia kansa hii imetokana na sigara nilizovuta ujanani, ambazo kweli nilivuta kwa miaka michache nikaacha. Sijamwambia habari ya kirusi. Nilipoambiwa kwamba kinapatikana kwa njia ya kujamiiana nilihisi kama nimefumaniwa, na mimi tangu tuoane sijatoka nje ya ndoa. Atanielewa vipi? Na je, yeye nimeshamwambukiza? Sasa anataka kuja nami kwa daktari na mimi namzuia kwa visingizio.

Nisaidie kupanga mawazo. Nina wiki mbili za kutoa jibu.

Ni mimi, Fundi Sauti.

*

Ndugu yangu Fundi Sauti, salaam, na pole sana. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kabla ya jambo lolote ningependa uitue hiyo aibu. Kuwaza masikio yako hakumaanishi huthamini uhai. Mtu anayetibiwa kwa nia ya kupona ana haki ya kuuliza ataamka akiwa mtu wa namna gani, na kwako wewe usikivu ni riziki na ni nusu ya ulivyo. Tena nadhani wasiwasi huo ndio ulioshika uzi wa swali lako lote, kama nitakavyojaribu kukuonyesha. Mimi si daktari wako na picha zako sijaziona. Ninachoweza ni kukaa nawe tukapanga maswali, ili ukirudi kwao usisimame tena mbele ya neno "chagua" ukiwa mikono mitupu.

Kama nimekuelewa, mbele yako kuna njia mbili, na nyuma yako kuna watu wawili unaowapenda, mmoja anakusukuma na mwingine anakuvuta. Mwanao anaona roboti ndiyo inayoondoa kansa, mama watoto anaona roboti ndiyo hatari. Nahisi wote wawili wanaitazama mashine zaidi ya wanavyoutazama ugonjwa.

Mke wako apate kwanza kutulizwa. Roboti hii haikati kwa akili yake. Daktari hukaa kwenye meza ya kuongozea ndani ya chumba hichohicho cha upasuaji, anatazama ndani ya koo lako kwa picha iliyokuzwa yenye kina, na kila anachofanya kwa vidole ndicho vifaa vyembamba vilivyoingizwa mdomoni mwako vinachokifanya. Akiacha, navyo vinaacha. Daktari wa pili hukaa kichwani pako muda wote, ananyonya damu na kushika nyama. Faida yake kubwa ni kufika mahali ambapo zamani hapakufikika kirahisi: miaka ya nyuma, kuifikia kansa ya nyuma ya koo mara nyingi kulihitaji kupasua mdomo wa chini na kukata taya. Gregory Weinstein na Bert O'Malley wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, ndio walioifungua njia hii ya kupitia mdomoni katikati ya miaka ya 2000, na mwishoni mwa 2009 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikaruhusu mashine ya da Vinci itumike kwa uvimbe mdogo wa koo. Si jambo la jana, basi, wala si majaribio unayofanyiwa wewe.

Mwanao naye ana sehemu yake ya ukweli. Ila ile kauli kwamba utalazwa siku chache "na mambo yataisha, hakuna mionzi wala dripu" ndiyo ninayoiogopa katika barua yako yote, kwa sababu naona umeanza kuiegemea. Nivumilie hapa, nitakaa kidogo.

Baada ya upasuaji, nyama na tezi zilizotolewa hupelekwa maabara, na maabara ndiyo huamua kinachofuata. Wanaangalia mambo matatu hasa: kingo za nyama zimekatwa safi au kansa imegusa ukingo, tezi ngapi zina kansa, na kama kansa imetoboa ganda la tezi ikatokea nje. Kingo zikiwa safi na tezi yenye kansa ikiwa moja tu, ndogo, ganda zima, mtu anaweza kuachwa bila tiba nyingine, akafuatiliwa tu. Tezi zikiwa mbili, tatu au nne, kwa kawaida huongezewa mionzi, ila kwa kipimo kidogo kuliko kile cha wiki saba. Kingo zikiwa na kansa, au ganda likiwa limetobolewa, kinachoshauriwa kwa kawaida ni mionzi pamoja na cisplatin.

Sasa rudi kwenye karatasi yako. Tezi mbili. Kama zote mbili kweli zina kansa, kuna uwezekano mkubwa utahitaji mionzi hata upasuaji ukienda vizuri kabisa. Na yale maneno ya msoma picha, kwamba ukingo wa tezi kubwa hauko wazi, yanaweza kuwa dalili kwamba ganda limeshatobolewa. Nasema yanaweza, kwa sababu picha hukosea hapa pande zote mbili: huonyesha kutoboka kusikokuwapo, na hukosa kulikopo. Lakini ndilo swali ambalo ningeliweka juu ya mengine yote.

Ukiyatazama hivyo, roboti haikupi hakika ya kukwepa mionzi. Inachokupa ni nafasi ya kupunguza kipimo cha mionzi na, zaidi ya hapo, nafasi ya kukwepa cisplatin. Kwa fundi wa sauti hiyo ni nafasi yenye thamani kubwa, silidharau hata kidogo. Suala ni ukubwa wake. Katika jaribio moja la Marekani linaloitwa E3311, lililochapishwa 2022, watu wenye kansa ya koo ya HPV walipasuliwa kupitia mdomoni, kisha wakagawanywa kufuatana na majibu ya maabara. Karibu mmoja kati ya kumi ndiye aliyemaliza kwa upasuaji peke yake. Zaidi ya nusu waliongezewa mionzi bila dripu, tena wale waliopewa grei 50 tu (grei ni kipimo cha mionzi) walifanya vizuri sana: baada ya miaka miwili karibu 95 kati ya 100 walikuwa hai bila kansa kurudi. Waliobaki, kama watatu kati ya kumi, walihitaji mionzi na dawa pamoja. Na kumbuka kwamba jaribio lile halikuchukua watu ambao tezi zao zilionekana tangu mwanzo zimegandamana. Mtu wa kundi hili la mwisho anakuwa amepita kwenye kisu, mionzi na dripu, vyote vitatu, na koo lake hubeba madhara ya vyote vitatu. Wataalamu wengi hujitahidi kumwepusha mgonjwa na hali hiyo pale inapoweza kutabirika.

Kwa hiyo swali la kumpelekea daktari wa upasuaji, kwa maneno yako mwenyewe, lingekuwa hivi: "Ukitazama picha zangu, unadhani ni kwa kiasi gani nitaishia kuhitaji cisplatin hata baada ya upasuaji?" Muulize na daktari wa mionzi swali hilohilo. Kisha omba msoma picha wa pili, ikiwezekana aliyezoea shingo, aitazame tezi ile. Wakikwambia ni nusu kwa nusu, utachagua kwa namna moja. Wakikwambia ganda karibu hakika limetoboka, huenda upasuaji usikuletee kile unachoufuata. Wakisema tezi inaonekana nzima, mizani inageuka tena.

Na kuhusu masikio yenyewe, yapo mambo ambayo barua yako haikuyagusa. Ni kweli cisplatin inaweza kuharibu usikivu, na uharibifu wake mara nyingi haurudi. Huanza na sauti za juu kabisa, zile nyembamba, na huweza kuacha mlio usiokoma masikioni. Huongezeka kadiri jumla ya dawa inavyoongezeka. Si kila mtu huipata, wala si kwa kiwango kimoja. Kipimo kilichozoeleka ni miligramu 100 kwa kila mita ya mraba ya mwili, kila wiki tatu, mara tatu. Lakini ipo namna ya kutoa kipimo kidogo, miligramu 40, kila wiki. Jaribio la Japani lililochapishwa 2022, kwa wagonjwa waliokuwa wameshapasuliwa, lilionyesha kwamba namna hii ya kila wiki haikuwa duni katika kuokoa maisha. Muulize daktari kama inakufaa na ingebadilisha nini kwa masikio.

Kitu kingine: umewahi kupimwa usikivu? Mtu aliyekaa mbele ya spika miaka yote hiyo anaweza kuwa ameshapoteza kidogo bila kujua, hata akiwa na sikio kali la kazi. Kipimo hicho kifanyike kabla ya uamuzi, si baada yake. Kikionyesha upungufu, daktari mwenyewe anaweza kusita kukupa cisplatin, na mazungumzo yote yakabadilika. Pia mwambie anayepanga mionzi kwamba sikio la ndani ni mali kwako, ili alizingatie anapochora njia za mionzi. Wapo wagonjwa wasioweza cisplatin wanaopewa dawa nyingine, kama dosetakseli, ambayo utafiti wa India uliochapishwa 2023 uliipa nguvu kwa watu wa namna hiyo. Ila tahadhari: usiombe tu kubadilishiwa dawa kana kwamba zote ni sawa. Kwa kansa ya HPV, majaribio mawili yaliyochapishwa mwishoni mwa 2018 yalibadilisha cisplatin na setuksimabu kwa nia njema ya kupunguza madhara, na waliopewa setuksimabu wakaishi kwa uchache zaidi. Katika moja ya hayo, baada ya miaka miwili walikuwa hai karibu 97 kati ya 100 waliopata cisplatin, na 89 kati ya 100 waliopata dawa ile nyingine. Haya ni mambo ya kupima na daktari, tena ukiwa umemwambia waziwazi kazi yako ni ipi. Barua yako inanifanya nidhani kwamba mpaka leo hawajui.

Sasa hatari za kila njia, kwa sababu hakuna iliyo laini.

Upasuaji wa roboti unaacha kidonda kibichi nyuma ya koo. Maumivu ya kumeza ni makali kwa wiki mbili tatu, na baadhi ya watu hulishwa kwa mpira wa puani kwa muda. Hatari inayoogopwa zaidi ni damu. Mara nyingi hutokea ndani ya wiki mbili za kwanza, wakati gaga la kidonda linabanduka, yaani ukiwa umesharudi nyumbani. Katika E3311 damu nzito iliwapata kama 6 kati ya 100. Wachache sana hufa, lakini wapo, sitakuficha. Ndiyo maana madaktari wengi hufunga baadhi ya mishipa ya damu shingoni wakati wa kutoa tezi, na ndiyo maana utahitaji kukaa karibu na hospitali siku hizo, pamoja na mtu anayejua kwamba damu mdomoni ni ya kukimbizwa, si ya kusubiri asubuhi. Kutoa tezi kunaweza kuacha bega zito au sehemu ya shingo iliyokufa ganzi.

Mionzi haina kisu, lakini si pumziko. Kwa kawaida ni grei 70 kwa vipindi 35. Wiki za mwisho na zile zinazofuata ndizo ngumu zaidi: vidonda kooni, ladha kupotea, mate kukauka. Mengi hupungua, mengine hubaki, hasa ukavu wa mdomo. Baada ya miaka yanaweza kuja ukakamavu wa misuli ya kumeza, tezi ya shingo ya homoni kulegea, meno kuoza haraka, hata mfupa wa taya kuharibika. Daktari wa meno aonekane kabla mionzi haijaanza, jino bovu ling'olewe mapema.

Kuna utafiti mmoja uliozipambanisha njia hizi ana kwa ana, unaitwa ORATOR, ulichapishwa 2019. Ulikuwa mdogo, watu 68 tu. Watu wengi walidhani roboti ingeshinda kwa kumeza. Haikushinda. Baada ya mwaka mmoja waliopata mionzi walijipa alama za kumeza karibu 87 kati ya 100, waliopasuliwa 80, tofauti ambayo watafiti wenyewe waliiona ni ndogo mno kuonekana kwenye maisha ya kila siku. Waliopasuliwa wengi, kama saba kati ya kumi, walihitaji mionzi baadaye, na mmoja alikufa kwa kutoka damu. Kundi la mionzi lilikuwa na matatizo zaidi ya kusikia na milio masikioni. Utaona kwamba ule utafiti haukupi jibu. Unakupa ruhusa: tofauti ya kupona haikuonekana, kwa hiyo aina ya maisha yako inaweza kuingia kwenye mizani bila wewe kujihisi mwenye hatia.

Mkono wa daktari nao una uzito kuliko chapa ya mashine. Mwulize ameshafanya wangapi wa koo, wangapi walitoka damu, na ni mara ngapi kingo zilirudi na kansa. Daktari mzoefu hataudhika. Wapo wanaofanya kazi hiyohiyo kwa leza kupitia mdomoni, bila roboti, na wanaifanya vizuri. Na omba kesi yako ijadiliwe kwenye kikao kimoja ambamo mpasuaji, daktari wa mionzi, wa dawa za kansa na mtaalamu wa kumeza wamekaa meza moja. Umewasikia wawili, kila mmoja chumbani kwake. Mtaalamu wa kumeza umwone mapema kwa njia yoyote utakayochagua, kwani mazoezi huanza kabla ya tiba.

Wiki mbili ulizopewa zinatosha kwa haya yote ukianza kesho. Wala usiende mbio kwa hofu kwamba kila siku inakuua. Kansa ya koo yenye HPV huitikia tiba vizuri kuliko zile zisizo na kirusi hicho: katika utafiti mkubwa wa 2010, baada ya miaka mitatu, wenye HPV walioishi walikuwa 82 kati ya 100, wasio nayo 57. Zile sigara za ujanani mwambie daktari kwa idadi ya kweli, zinaingia kwenye hesabu.

Sasa mama watoto.

Ndugu yangu, hukufumaniwa. HPV huwapata watu wengi sana walioanza maisha ya ndoa au mapenzi, mara nyingi bila dalili, na mwili wa wengi huifukuza wenyewe. Kwa wachache hukaa kimya, na kutoka kuambukizwa hadi kansa hupita miaka mingi, hata miongo. Hakuna kipimo kinachoweza kusema ulikipata lini wala kwa nani. Huenda ni kabla hujamjua. Kwa hiyo majibu yako ya maabara hayasemi lolote juu ya uaminifu wako, wala juu ya wake. Kansa yenyewe haiambukizi. Kama umempitishia kirusi, basi ni zamani, na huenda mwili wake ulishamalizana nacho. Hakuna haja ya kutengana naye kitandani wala kutenga vyombo. Anachohitaji ni kuendelea na uchunguzi wake wa kawaida wa mlango wa kizazi, kama wanawake wengine wote.

Najiuliza, hata hivyo, kama unachokihofia ni kirusi au ni kule kugundulika kwamba ulimficha. Usinijibu mimi. Fikiria tu kwamba neno p16 liko kwenye kila karatasi yako, na kila daktari atakayekuona atalitaja akidhani mkeo anajua. Kulisikia kwa mgeni kunaweza kumuumiza kuliko kulisikia kwako. Unaweza kumwambia mwenyewe nyumbani. Au kama maneno yanakukwama, mwombe daktari alieleze mkiwa wote wawili, na wewe umemtangulia mkeo kwa sentensi moja tu: "Kuna jambo sikukwambia kwa sababu niliogopa utanidhania vibaya." Kila njia ina uzito wake. Anaweza kulia, anaweza kuuliza maswali usiyoyapenda, anaweza kuhitaji siku kadhaa. Wewe unamjua, mimi simjui. Lakini nakuona ukimzuia asije kwa daktari, kwa visingizio, wakati huu ambao unahitaji masikio mengine mawili chumbani zaidi ya wakati wowote. Yeye anaogopa roboti kwa sababu hakuna aliyemweleza, na wa kumweleza yuko hukohuko unakomzuia asiende.

Mwanao mpe kazi. Ana nguvu na anakupenda, video ni namna yake ya kuhangaika. Mwombe aandike maswali haya kwenye daftari, aje nawe, na aandike majibu neno kwa neno. Akimsikia daktari mwenyewe akizungumzia ule ukingo wa tezi, huenda akaacha kukuamulia bila wewe kugombana naye.

Kama ningekuwa mahali pako, kesho ningepiga simu mbili: moja ya kupimwa usikivu, nyingine ya kuomba tezi ile isomwe upya. Majibu ya hizo mbili ndiyo yatakayokuonyesha kama bado una njia mbili za kuchagua au moja imeshajipunguza. Ukishayapata na bado umekwama, niandikie tena, hata kama ni mistari miwili. Nitakujibu moja kwa moja bila kungoja zamu ya safu.

Nakuombea nafuu, wewe na mama watoto.

Mshauri wako